Bustani ya Mboga Isiyokauka Kiangazi

Somo la Kumi na Saba

Mwezi wa Februari, mtoto akitumwa mboga katika kijiji cha mkoa wa Dodoma, hachelewi kurudi. Mchicha umejiotea kando ya zizi, majani ya kunde yamejaa shambani, na mlenda na mgagani vimeota hata kando ya njia. Mtoto huyo huyo akitumwa mwezi wa Septemba, huenda akarudi na kikapu kitupu. Ardhi ni ile ile, na jua ni lile lile. Ni kitu gani kilichobadilika?

Mwanafunzi mwepesi atajibu, "Mvua." Jibu hilo ni la kweli, lakini si jibu lote. Zipo bustani zinazotoa mboga Septemba kama zinavyotoa Februari, na baadhi ya hizo hazitumii mbolea za viwandani wala dawa za sumu. Ukulima wa namna hiyo huitwa kilimo hai. Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana juu ya kanuni zake, na mazao yaliyokaguliwa yakaonekana yamezifuata huweza kuuzwa yakiwa na alama ya Kilimohai.

Kukosa mboga miezi mingi si jambo dogo. Mboga za majani hutupatia vitamini A. Mtoto asiyepata vitamini hiyo ya kutosha huweza kushindwa kuona vizuri wakati wa magharibi, na akiugua surua huumia zaidi kuliko wenzake.

Maji yanakwenda wapi?

Hebu tufikirie shule moja iliyo kijijini, nje ya mji wa Dodoma. Mahali hapo mvua hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka, tangu Desemba hivi mpaka Aprili. Jumla yake kwa mwaka wa kawaida ni kiasi cha milimita 570. Miezi inayobaki ni mikavu. Darasa la tano la shule hiyo lina matuta matatu ya mchicha na sukuma wiki kwa ajili ya chakula cha mchana cha shule. Kila tuta lina upana wa meta 1 na urefu wa meta 5. Mwezi wa Agosti maji ya kisima yamepungua, na mwalimu mkuu anawaambia wanafunzi, "Tangu leo bustani itapata ndoo tatu kwa siku, basi. Maji mengine ni ya kunywa na ya kupikia."

Je, ndoo tatu zinatosha? Tupige hesabu. Siku ya kiangazi yenye jua kali na upepo, ardhi yenye mimea hupoteza maji kiasi cha milimita 5. Maji yenye kina cha milimita 1 juu ya meta 1 ya mraba ni lita 1. Kwa hiyo kila meta ya mraba hupoteza lita 5 kwa siku. Tuta moja lina meta za mraba 5, nalo huhitaji lita 25. Matuta matatu huhitaji lita 75. Ndoo tatu za lita 20 ni lita 60 tu. Zinapungua lita 15 kila siku.

Wanafunzi wa shule hiyo waligawanyika. Wengine walisema, "Tuache tuta moja life, tuokoe mawili." Wengine walisema, "Tugawe sawa, kila tuta lipate kidogo." Mwalimu wao hakukubali wala kukataa. Aliwauliza swali moja, "Maji tunayomwaga, yote hunywewa na mimea?"

Nanyi jibuni swali hilo kwa kufanya jaribio hili.

Jaribio

Chukueni makopo mawili ya ukubwa mmoja na myajaze udongo wa bustani. Mwagieni kila kopo maji ya kiasi kile kile, kikombe kimoja kwa mfano. Funikeni udongo wa kopo moja kwa nyasi kavu zenye unene wa vidole vitatu, na la pili liacheni wazi. Yapimeni uzito yote mawili, kisha yawekeni juani. Kila siku asubuhi, kwa siku nne, yapimeni tena na muandike katika daftari zenu kila kopo limepunguza uzito kiasi gani. Kama shule haina mizani, siku ya nne chomekeni kidole katika kila kopo mpaka pingili ya pili.

Mtaona ya kuwa kopo lililo wazi limepunguza uzito zaidi, na udongo wake umekauka, pengine umepasuka nyufa. Hapakuwa na mmea hata mmoja ndani yake. Maji yake yalinyonywa na jua na upepo, yakawa mvuke. Kumbe sehemu ya maji tunayomwagilia bustanini huondoka kabla ya kufika kwenye mizizi.

Nyasi zinazofunika udongo huitwa matandazo. Nyasi kavu, mabua yaliyokatwakatwa au majani ya migomba, vyote hufaa. Magugu yaliyokwisha kutoa mbegu hayafai. Acheni nafasi ya vidole viwili kulizunguka shina la kila mche, kwa kuwa shina linaloguswa na nyasi zenye unyevu huoza. Katika nchi kavu mchwa watakuja kula matandazo yenu, kwa hiyo ongezeni mengine kila yanapopungua.

Jambo la pili ni umbo la tuta, na hapa ndipo wanafunzi wengi, na hata watu wazima, hukosea. Tuta lililoinuliwa juu hupendeza macho, nalo hufaa sana wakati wa mvua kwa sababu maji ya ziada hutiririka na mizizi haiozi. Lakini kiangazi tuta hilo hukauka upesi, kwa kuwa upepo hulipiga pande zote. Wakati wa kiangazi fanyeni kinyume chake: chimbeni tuta lizame chini sentimita 15, na udongo mliouchimba uwekeni ukingoni kama ukuta mdogo. Maji yakimwagwa hayatoki nje, na ukingo ule huikinga miche michanga na upepo.

Tena, mwagilieni asubuhi na mapema au jioni, maji yafike kwenye udongo, si juu ya majani. Mmea ukishakomaa kidogo, ni afadhali kuumwagilia maji mengi kila baada ya siku mbili kuliko kuurashia kidogo kila siku. Maji kidogo hulowesha udongo wa juu tu, na mizizi huzoea kukaa huko juu, mahali palipo na joto kali.

Wanafunzi wale walizamisha matuta yao, wakatandaza nyasi, na kila tuta likapewa ndoo moja. Hakuna tuta lililoachwa life.

Kabla ya kuendelea, tazameni paa la darasa lenu. Paa lenye urefu wa meta 20 na upana wa meta 8 hufunika meta za mraba 160. Mvua ya milimita 570 ikinyesha juu yake, maji yanayoanguka ni lita 91,200. Hata kama sehemu moja ya tano itapotea, zitabaki karibu lita 73,000. Katika shule nyingi maji hayo huishia korongoni, na miezi minne baadaye watoto hutembea na ndoo kichwani kuyatafuta.

Mboji

Mmea hauishi kwa maji peke yake. Kila mnapovuna mchicha, mnaondoa katika udongo naitrojeni, fosforasi, potasiamu na vitu vingine vilivyojenga majani yale. Msipovirudisha, mwaka wa tatu mtavuna majani madogo ya manjano na mtasema udongo umechoka. Njia mojawapo ya kuvirudisha ni mboji.

Mahali penye mvua nyingi mboji hufanywa kwa kulundika juu ya ardhi. Mahali pakavu chimbeni shimo kivulini, lenye kina cha sentimita 60 na upana wa meta 1, ili unyevu usipotee. Chini wekeni mabua ya mahindi au mtama yaliyokatwakatwa. Juu yake wekeni majani mabichi na maganda ya jikoni, kisha samadi, kisha udongo kidogo na majivu kidogo sana. Nyunyizieni maji mpaka vyote vilowane bila kutiririka. Rudieni tabaka hizo mpaka shimo lijae, kisha funikeni kwa nyasi au majani ya migomba. Msitie plastiki, vioo, betri, nyama, wala mimea iliyougua.

Chukueni fimbo ndefu iliyochongoka na muichomeke mpaka katikati ya lundo. Siku ya tano ichomoeni na muiguse upande uliokuwa ndani. Itakuwa ya moto. Mnaweza kushangaa, kwa maana hakuna aliyewasha moto. Joto hilo hutoka kwa viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, yaani bakteria na kuvu, ambao hula majani na kupumua kama sisi. Kama miili yetu inavyotoa joto, yao nayo hutoa. Katikati ya lundo zuri joto huweza kupita nyuzi 55 za Sentigredi, na joto hilo huua mbegu nyingi za magugu na vijidudu vingi vya magonjwa.

Fimbo hiyo ni mjumbe mwaminifu. Ikitoka kavu, yenye ukungu mweupe, lundo lina kiu na litiwe maji. Ikitoka imelowa na yenye harufu mbaya, hewa imekosekana, kwa hiyo geuzeni lundo na kuongeza mabua makavu. Ikitoka baridi kabla ya wiki mbili, yaelekea samadi au majani mabichi hayakutosha. Geuzeni lundo baada ya wiki tatu, na tena baada ya wiki tatu nyingine. Baada ya miezi mitatu hivi mboji itakuwa nyeusi, laini, na itanukia kama udongo uliopata mvua ya kwanza. Tieni debe moja kwa kila meta ya mraba na mchanganye na udongo wa juu.

Angalieni majira. Anayetaka mboji Julai sharti aanze Aprili, wakati majani mabichi yangalipo. Anayekumbuka mboji mwezi wa Agosti hataikuta porini isipokuwa nyasi kavu.

Samadi mbichi isiwekwe moja kwa moja kwenye mboga. Huunguza mizizi, tena huweza kuwa na vijidudu vya maradhi ya tumbo. Ioze kwanza. Na mboga zote, hata zilizotoka katika bustani yenu wenyewe, zioshwe kabla ya kuliwa.

Vinundu vya kunde na vinundu vya nyanya

Ng'oeni taratibu mche wa kunde unaotoa maua, kwa kuchimba pembeni yake, na muoshe mizizi ndani ya maji. Mtaona vinundu vidogo vimeshikilia mizizi kama shanga. Kwanguweni kimoja kwa ukucha. Kitabanduka bila shida. Kikateni katikati. Kama ndani ni chekundu au cha rangi ya waridi, kinafanya kazi. Ndani yake mna bakteria wanaochukua naitrojeni iliyomo hewani na kuigeuza iwe chakula ambacho mmea unaweza kukitumia. Mmea nao huwapa bakteria sukari. Kunde, maharage, njugu mawe na karanga, zote zina urafiki huu. Mnapovuna, yakateni mashina na muache mizizi udongoni.

Sasa ng'oeni mche wa nyanya uliodumaa, unaonyauka mchana hata kama umemwagiliwa. Mizizi yake pia huweza kuwa na vinundu. Msifurahi. Jaribuni kuvibandua kwa ukucha: havibanduki, kwa sababu ni mzizi wenyewe uliovimba. Humo mna minyoo fundo, minyoo midogo mno inayonyonya mmea na kuuzuia usipate maji. Mkulima asiyejua tofauti hii atadhani nyanya zake zina neema, kumbe zinaliwa.

Dawa yake ya kwanza ni kutozipanda nyanya mahali pale pale kila msimu. Nyanya, nyanya chungu, bilinganya, mnavu, pilipili na viazi mviringo ni ndugu wa jamii moja, na adui wa mmoja huwa adui wa wote. Tuta lililokuwa na nyanya lisipewe ndugu yake kwa misimu miwili au mitatu. Ng'oeni mizizi yote iliyovimba na muichome moto. Kiangazi, udongo uliolimwa na kuachwa ukauke juani hupunguza minyoo hiyo, na mboji nyingi husaidia pia.

Wadudu

Geuzeni jani la kunde au la kabichi mtazame chini yake. Mara nyingi mtakuta vidukari, wadudu wadogo laini waliosongamana wakifyonza utomvu. Kabla ya kufanya lo lote, tazameni tena. Je, yupo mdudu wa mviringo mwenye mgongo mwekundu wenye madoa meusi? Yupo mdudu mweusi mrefu mwenye miguu sita, mfano wa mamba mdogo? Huyo wa pili ni mtoto wa yule wa kwanza, na wote wawili hula vidukari. Watoto wengi humwua yule mamba mdogo kwa kumdhania mharibifu. Mkimwona, mwacheni afanye kazi.

Vidukari wakizidi, waosheni kwa maji yenye sabuni kidogo. Kwa viwavi, twangeni majani mabichi ya mwarobaini, yaloweke katika maji usiku mmoja, yachujeni, mkanyunyize jioni. Mwarobaini hauui papo hapo. Humfanya mdudu aache kula na ashindwe kukua, kwa hiyo ngojeni siku chache kabla ya kusema haukufaa. Watu wengine hutumia maji ya tumbaku. Sisi tusiyatumie. Sumu iliyomo katika tumbaku huua wadudu kweli, lakini humdhuru mtu pia, hata kwa kupita kwenye ngozi. Si kila kitu kitokacho kwenye mmea ni salama.

Kupanda kwa zamu

Bustani nyingi za shule hupandwa siku moja. Basi wiki moja mboga huwa nyingi hata zinaoza, na wiki mbili baadaye hakuna kitu. Mchicha huwa tayari kuvunwa baada ya wiki tatu au nne. Mkipanda tuta la kwanza leo, la pili baada ya siku kumi, na la tatu baada ya siku kumi nyingine, la kwanza litakuwa limevunwa na kupandwa upya karibu na wakati ambapo la tatu linaota. Mbegu za mchicha ni ndogo mno. Zichanganyeni na mchanga mkavu ili zisirundikane.

Mboga nyingine hazing'olewi. Sukuma wiki huchumwa majani ya chini kwa miezi mingi. Matembele hutambaa na kuchipua kila yanapokatwa. Kisamvu hustahimili ukame kuliko zote hizi, kwa hiyo safu ya mihogo pembezoni mwa bustani ni akiba njema. Mabibi wa Kigogo wana akiba yao pia: hukausha mlenda wakati wa mvua na kuula miezi mikavu. Mkikausha mboga zenu, zianikeni kivulini penye hewa, kwa sababu jua kali huharibu sehemu ya vitamini A.

Msivune mimea yote. Chagueni mitatu au minne yenye nguvu, muifunge kitambaa cha rangi ili asiichume mtu, na muiache itoe mbegu. Karibu na mji wa Arusha kuna kituo cha World Vegetable Center ambacho huhifadhi mbegu za mboga za Kiafrika kama mchicha, mgagani, mnavu na nyanya chungu, ili aina zake zisipotee. Ninyi mnaweza kuanza na chupa moja kavu yenye majivu, iliyofungwa vizuri na kuandikwa jina la mbegu na mwezi wa kuvuna.

Maswali na kazi za kufanya

1. Kwa nini kopo lililo wazi lilipunguza uzito ingawa halikuwa na mmea?

2. Pimeni urefu na upana wa paa la darasa lenu. Mwulizeni mwalimu kiasi cha mvua inayonyesha wilayani kwenu kwa mwaka. Paa hilo hupokea lita ngapi?

3. Tangi la lita 10,000 limejaa mwisho wa mvua. Bustani ikitumia lita 60 kwa siku, maji yatadumu siku ngapi?

4. Fimbo ya mboji imetoka kavu, yenye ukungu mweupe. Utafanya nini, na kwa nini?

5. Mwenzako amekuonyesha mizizi yenye vinundu lakini amekatalia jina la mmea. Utajuaje kama ni rafiki au ni adui?

6. Kwa nini haifai kupanda bilinganya mahali palipokuwa na nyanya?

7. Mwulizeni bibi au mzee mmoja nyumbani ni mboga gani zilizoliwa kiangazi alipokuwa mtoto, na zilipatikanaje. Andikeni majina yake na mlete darasani. Kama mbegu za mojawapo zinapatikana bado, zileteni pia, tuzioteshe kwenye kitalu.